Mwenye Msumeno

Jumapili, jioni

Leo mvua ya Oxford imenifungia kanisani. Ni kanisa la mtaani tu, la enzi ya Malkia Victoria, madirisha yote vioo vya rangi. Ibada imekwisha, watu wanakunywa chai nyuma, mimi nimeinua shingo nawataja watakatifu mmoja mmoja. Petro hana shida, funguo zake hazijifichi. Paulo na upanga. Daudi na kinubi. Baada ya hapo nikaanza kubahatisha.

Kijana hana ndevu, nywele mabegani, kikombe mkononi. Nikasema huyu ni Maria Magdalena na marhamu yake. Bibi aliyekuwa akikusanya vitabu vya nyimbo akacheka: "Tazama mdomo wa kikombe." Kweli, kijoka kinachungulia. Kumbe Yohana, masimulizi ya kale yanasema alipewa sumu, akaibariki, ikatoka kama nyoka. Jirani yake nilidhani amebeba ngazi fupi. Ni wavu wa chuma, naye ni Laurenti, shemasi wa Roma aliyechomwa juu yake. Mimi mtu wa nyama choma, nimeshindwa hata hilo!

"Uso achana nao," bibi akaniambia, "angalia mikono."

Na nyuso zenyewe nyingine hazipo. Kioo chenyewe kina rangi yake tangu kiwandani. Macho na mikunjo ya nguo fundi aliichora kwa rangi ya oksidi ya chuma na unga wa kioo, kisha akaichoma tanuruni ishike. Miaka ya 1860 na 1870 karakana kadhaa zilitia boraksi, aina ya chumvi ya madini, ili rangi iive kwa moto mdogo. Unyevunyevu ukaila taratibu. Joho jekundu bado linawaka, juu yake kichwa ni kioo kitupu.

Musa nilimjua kwa mbao zake mbili, lakini zile pembe za nuru kichwani? Biblia yetu, Kutoka 34, inasema ngozi ya uso wake iling'aa. Neno la Kiebrania lililotumika pale linatokana na pembe, Jerome, mtafsiri wa Biblia wa kale, akaliweka hivyohivyo katika Kilatini, na wachoraji wakamwotesha Musa pembe kwa karne nyingi.

Hata hivyo, kuhusu nyuso sikubaliani na bibi moja kwa moja. Katika kanisa kuu la Christ Church, mji huuhuu, kuna dirisha la Mtakatifu Katarina alilolibuni mchoraji Edward Burne-Jones mwaka 1878. Uso wa Katarina ni wa Edith Liddell, binti wa mkuu wa kanisa lile, aliyefariki 1876 akiwa na miaka 22. Baba yake aliendelea kusali mle. Sidhani kama alikuwa akiangalia mikono.

Kabla sijatoka nikampiga picha mmoja asiye na uso, ameshika msumeno. Angesimama na manabii ningesema Isaya, ambaye mapokeo yanasema alikatwa kwa msumeno. Yuko kati ya mitume, basi ni Simoni Zelote, naye husimuliwa hivyohivyo. Nikamtumia mama yangu kule Moshi, bila maelezo, nione atasemaje.

Jibu limeingia sasa hivi: "Mwanangu, huyo fundi mbona hana kichwa? Umekula?"