Sekunde Moja ya Auburn

Nilifika Auburn, Alabama, Agosti 2012 kusomea ufugaji wa samaki, na mwaka huo timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani ilikuwa inatia huruma. Ilicheza mechi 12, ikashinda 3. Katika ligi yao ya SEC ilipigwa zote 8, na kipigo cha kufungia msimu kikawa 49–0 kutoka kwa Chuo Kikuu cha Alabama, watani wao wa jadi. Kocha akatimuliwa. Mimi mpira wa Kimarekani nimejifunzia ndani ya vipigo hivyo, mwalimu wangu akiwa mzee mwenye nyumba niliyopanga. Kila Jumamosi aliapa hatazami tena. Jumamosi inayofuata yuko kitini kabla hata mechi haijaanza.

Waliojiunga na chuo 2013 walikuta neema tu. Kocha mpya, Gus Malzahn, alikuja na mchezo wa kasi, na mrushaji wake, Nick Marshall, alikuwa hodari zaidi wa kukimbia na mpira kuliko kuurusha. Tulipoteza kwa LSU, timu ya chuo cha jimbo la Louisiana, mwezi Septemba, kisha tukaanza kushinda, nyingine kwa namna ambayo hata kusimulia ni tabu. Novemba 16 tulikuwa nyuma dhidi ya Georgia, dakika ya mwisho. Marshall akarusha mpira mrefu, mabeki wawili wa Georgia wakaugombea wenyewe kwa wenyewe, ukadunda juu, ukamwangukia Ricardo Louis aliyekuwa anapita nyuma yao. Ikawa 43–38. Mzee akasema bahati ya mwaka mzima tumeimaliza siku hiyo.

Alabama walikuja kwetu Novemba 30 wakiwa namba moja, mabingwa wa taifa miaka miwili mfululizo. Nilikwenda uwanjani na dada mmoja Mkenya tuliyekuwa tukisoma naye. Njiani nilimhadithia mechi ya Simba na Yanga ya Oktoba ile: Yanga wanaongoza 3–0 hadi mapumziko, wanatoka 3–3. Mimi Simba, kwa hiyo nilihadithia kwa kirefu. Aliyeondoka uwanja wa Taifa wakati wa mapumziko siku ile, sijui alimwambia nini mkewe.

Uwanja wa Jordan-Hare unachukua watu zaidi ya elfu 87, na kelele zake unazisikia kifuani. Robo ya nne Alabama wakiwa wamebanwa kwenye mstari wao, AJ McCarron alimrushia Amari Cooper, akakimbia nao hadi mwisho, yadi 99. Ikawa 28–21. Zikiwa zimebaki sekunde 32 Marshall akajifanya anakimbia, kisha akamrushia Sammie Coates aliyesahaulika pembeni. 28–28.

Alabama wakacheza, mkimbiaji wao akatoka nje ya mstari, saa ikasoma sifuri. Watu wakaanza kupumua. Lakini kocha wao, Nick Saban, alidai muda ulikuwa umebaki, waamuzi wakaenda kuangalia marudio, wakarudisha sekunde moja.

“Sasa sekunde moja wataifanyia nini, kaka?” dada akauliza.

“Watapiga teke, mpira upite kati ya nguzo za goli.”

Umbali ulikuwa yadi 57. Mpigaji wao wa kawaida hakuwa amefunga hata moja siku hiyo, wakamtoa kijana mwingine. Kwa sisi wa soka, shuti likikosa goli hadithi imekwisha. Kule, mpira ukianguka pungufu bado ni mzima, anayeudaka anaweza kukimbia nao. Malzahn alikuwa amemsimamisha Chris Davis nyuma kabisa, chini ya nguzo. Mpira ulikuja pungufu, Davis akaudaka.

Na wale Alabama waliokuwa uwanjani walikuwa majitu, watu waliochaguliwa kusimama kama ukuta ili mpigaji asiguswe. Kukimbizana na mtu mwepesi haikuwa kazi yao. Davis akashika kushoto, akaambaa na mstari kwa ncha za vidole, na alipowapita wale wa katikati nikaona mbele yake hakuna mtu. Nyasi tupu. Alikimbia uwanja mzima. 34–28.

Sikumbuki tulivyoshuka. Nakumbuka ua wa vichaka uliozunguka uwanja, tunaukanyaga, raba moja ya dada inabaki humo, naye anaendelea na soksi. Tukasukumwa na umati hadi Toomer's Corner, ambako desturi yao ni kushangilia kwa kurusha karatasi za chooni kwenye miti. Mialoni miwili ya pale ilitiwa sumu na shabiki wa Alabama baada ya mechi ya timu hizi mbili ya 2010, ikakatwa Aprili 2013. Watu wakarushia kwenye nyaya na kila kilichosimama.

Ubingwa wa taifa wenyewe tuliukosa Januari, 34–31, Florida State wakifunga zimebaki sekunde 13. Iliuma, ila si sana.

Usiku ule nilimkuta mzee barazani. Akanitaka nimsimulie tangu mwanzo, ingawa kwenye televisheni aliona vizuri kuliko mimi. Nilipomaliza nikapiga simu Morogoro, kule ni saa kumi na kitu alfajiri.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nani kafariki?”

“Hakuna, baba. Tumemfunga Alabama.”

“Alabama ndiyo timu ya wapi?”

Nikaanza kumweleza. Kadi ya simu iliisha Davis hajafika hata katikati ya uwanja.