Milima Iliyochongwa Kinyume

Nilipanda basi la alfajiri kwenda kuona maonyesho ya picha za kuchapa, na mvua ikatusindikiza hadi tulipoanza kupanda vilima. Njiani hakuna mengi ya kusimulia: kona, ukungu, usingizi wa kuvunja shingo. Nilichokifuata kilikuwa ukumbini: milima, misitu, mito na ndege, vyote vimechapwa kwa mkono kutoka kwenye mbao, lino (tandiko laini la sakafuni linalochongeka) na mabamba ya shaba.

Waandaaji walikuwa na busara moja kubwa. Kando ya baadhi ya picha waliweka kile kilichozizaa. Hapo ndipo miguu yangu ilipogoma. Kwenye ubao, mweusi kwa wino uliokauka, mto ulikuwa unatiririka kuelekea kushoto. Kwenye picha yake ukutani, mto uleule unaelekea kulia. Nikainama karibu zaidi, mpaka mlinzi akakohoa. Mawimbi hayakuchongwa na mtu. Ni nyuzi za mti wenyewe: ubao ulisuguliwa kwa brashi ya waya, sehemu laini zikabonyea, ngumu zikabaki juu kushika wino. Na kifundo cha tawi lililokatwa zamani kimegeuka jua. Msanii alilikuta jua lake humo humo.

Kwenye ubao, unachokichonga hubaki cheupe, maana rola ya wino haifiki bondeni. Shaba hufuata sheria nyingine. Bamba hupakwa nta, sindano ikakwaruza nta hiyo, kisha tindikali ikala shaba pale palipoachwa wazi. Wino husukumwa ndani ya mifereji, juu hufutwa, na karatasi yenye unyevu hukandamizwa kwa mashine hadi iunyonye. Tazama picha ya namna hiyo kwa pembeni, taa ikiwa upande mmoja, utaona mistari imeinuka kidogo na ukingo wa bamba umeacha alama kwenye karatasi.

Rembrandt, msanii wa Uholanzi, alichapa picha yake ya miti mitatu kwa shaba mwaka 1643, na ukutani ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Mvua ya upande wa kushoto ni mistari mitupu ya mshazari, lakini ukiitazama unatafuta mwavuli. Wageni wengi walipita bila kuwaona wapenzi wawili waliojificha kichakani, kulia, chini ya miti. Kwa Hokusai, mchoraji wa Japani, palikuwa na msongamano. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alianza mfululizo wa mandhari 36 za mlima Fuji. Zikapendwa, zikaongezwa hadi 46. Yeye alichora tu. Kuchonga na kuchapa kulikuwa kazi ya mafundi wengine, ambao majina yao hayatajwi sana. Bluu yake nzito nayo ni ya kutoka mbali: ilivumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18.

Chumba cha picha kubwa za rangi nilikipita haraka. Machweo manne kwenye ukuta mmoja, kila moja likishindana na jirani yake! Nilirudi kwa ndege wadogo weusi wa lino, ambao kila unyoya wao ni mkato mmoja wa patasi usioweza kufutwa.

Karibu na mlango wa kutokea, ndani ya kabati la kioo, kulikuwa na bamba la mlima lililokwaruzwa msalaba mkubwa toka kona hadi kona. Mhudumu akanieleza: ile 7/30 iliyoandikwa kwa penseli chini ya picha ina maana ni nakala ya saba kati ya thelathini, na zikishatimia, wachapaji wengi huliharibu bamba ili asitokee mtu wa kuongeza ya thelathini na moja. Mnunuzi hulindwa hivyo, na hoja yao naielewa. Siiafiki. Bamba lile lilikuwa zuri kuliko nusu ya picha za ukumbi mzima, na lingeweza kulindwa kwa kufuli tu.