Goti Jipya, Mto wa Sufi na Chaki

Nilibadilishiwa goti la kulia mjini Moshi nikiwa na miaka 67, baada ya gegedu kulika kabisa na mifupa kuanza kusagana kila niliposhuka mteremko wa Kibosho. Kuhusu upasuaji sina mengi ya kusimulia: nilichomwa ganzi mgongoni, nikabaki macho huku nikisikia msumeno na nyundo kama niko kwa seremala, na kesho yake nikasimamishwa nikiwa nimeshikilia fremu ya kutembelea. Bima ilibeba sehemu ya gharama. Nyingine ilimeza mtamba wangu na akiba ya mwaka mzima.

Taabu ilinianza nyumbani. Jirani yangu, aliyewahi kumuuguza mumewe aliyevunjika paja, alikuja na chupa ya mtori na mto wa sufi. "Mwalimu, goti linataka kupumzika," alisema, akauingiza mto chini ya goti, nami nikasikia raha ambayo sijaisahau. Alitaka pia kunichua shavu la mguu kwa mafuta ya kondoo, lakini hilo nilikataa, kwa kuwa tulikuwa tumeonywa kwamba baada ya upasuaji wa aina hii damu huweza kuganda katika mishipa ya mguu. Mto, hata hivyo, niliulalia siku kumi na moja.

Kliniki, kijana wa mazoezi ya viungo alinilaza chali, akapitisha ngumi yake kati ya goti na kitanda, ikapita bila kugusa kitu. "Mama, hapa hata kiganja kisingepaswa kupita," aliniambia, kisha akaniuliza nalala vipi. Goti likiachwa limekunjika muda mrefu, nyama na kano za nyuma hukakamaa, na asiyeweza kulinyoosha huchechemea hata kama goti bandia limewekwa vizuri. Mto ulihamia chini ya kisigino, goti likaning'inia, na dakika kumi za kwanza nilimaliza Zaburi ya 23 mara tatu nikitokwa na machozi.

Kulikunja nako kulihitaji akili, na hapa najisifu. Niliketi kwenye kiti, nikaweka mguu juu ya kipande cha kiroba ili uteleze kwenye sakafu ya saruji, nikausukuma nyuma kwa kuukandamiza na mguu mzima, kisha nikachora mstari wa chaki pale vidole vilipofika. Kila siku mstari ulirudi nyuma kidogo, hadi mjukuu wangu alipong'amua kwamba hata kiti kilikuwa kinarudi nyuma. "Bibi, unajidanganya!" alisema, akachora duara kuzunguka kila mguu wa kiti. Kuanzia hapo maendeleo yakawa ya kweli, na machungu pia. Tusi moja la Kichaga lilinitoka siku nilipofikisha digrii 90, kipimo ambacho bila hicho kuinuka kitini ni kazi.

Sasa napanda daladala bila kushikwa mkono. Kupiga goti kanisani ndiko sijakuzoea, maana nahisi kama nimepiga goti juu ya changarawe, ingawa daktari hakunikataza. Kwa kuwa magoti bandia zaidi ya 8 kati ya 10 hudumu miaka 25, huenda langu likabaki zima mimi nikiwa nimekwisha.

Jirani angali anawaambia watu kwamba mto wake ndio ulioniponya. Sijambishia, na mto sijaurudisha.