Mkwamo wa Jumbe Katika Kompyuta Sambamba

Katika vichochoro vya Mkomani, hapa Lamu, punda wawili waliobeba mawe ya ujenzi wakikutana uso kwa uso, hapiti yeyote mpaka mmoja arudishwe nyuma. Jumbe ndani ya kompyuta sambamba, yaani yenye vichakataji vingi vinavyofanya kazi pamoja kwa kutumiana jumbe, kwa kawaida hazina wa kuzirudisha: kila moja hushikilia nafasi yake ya kumbukumbu huku ikingoja nafasi iliyoshikwa na nyingine, na duara la kungojeana likifungika, zote husimama daima; huo ndio mkwamo.

Mwaka 1987 watafiti wa kompyuta William Dally na Charles Seitz walionyesha kwamba mkwamo huzuilika tukigawa kila waya katika njia pepe kadhaa, yaani njia zinazotumia waya mmoja kwa zamu, kila moja na nafasi yake ya kumbukumbu, na kuzipanga ili utegemezi, yaani njia moja kungoja nyingine, usizunguke. Suluhisho hilo ni imara, lakini naona hubana mno uelekezaji unaojirekebisha, yaani ujumbe kuchaguliwa njia kulingana na hali ya mtandao, ambao thamani yake ni uhuru wa kukwepa msongamano.

Ndiyo maana naithamini sana kazi ya mtafiti José Duato ya mwaka 1993, aliyethibitisha kuwa mizunguko ya utegemezi inaweza kuachwa iwepo, mradi ziwepo njia chache za kuokolea, zisizo na mzunguko baina yao, ambazo ujumbe wowote uliozuiliwa unaweza kuingia na kufika uendako. Utegemezi unaopitia njia huru (zile zisizo za kuokolea) kabla ya kurejea kwenye njia hizo nao lazima uhesabiwe, na hapo uthibitisho hudai uangalifu mkubwa.

Wapo wanaouacha mkwamo utokee, kisha wakautambua kwa kupima muda wa kungoja. Muda huo ukiwekwa mfupi mno, msongamano wa kawaida hudhaniwa kuwa mkwamo.