Besi isiyo na freti, leo ni hiyo tu

Tangu asubuhi spika zinatoa besi tupu (gitaa la sauti nzito), tena ile isiyo na freti.

Freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Vikiondoka, noti zinateleza badala ya kuruka, na uzi ukitetemeka juu ya mti wenyewe unatoa ile "mwaaa", kama mtu anaimba.

Namba moja, sibishani: Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, kwenye "You Can Call Me Al" ya Paul Simon (1986).

Kile kipande cha besi peke yake ni cha sekunde chache tu. Kumalo alipiga nusu. Nusu ya pili ni rekodi ileile, imegeuzwa icheze kinyumenyume! Punguza kasi usikilize: noti zilizogeuzwa zinavimba badala ya kufifia.

Halafu Pino Palladino anavyofungua "Wherever I Lay My Hat" ya Paul Young (1983). Na Jaco Pastorius, "Portrait of Tracy" (1976): besi pekee, kidole kinagusa uzi bila kuukandamiza.

Mnaojaribu, kidole kikae palepale ambapo freti ingekuwa, si nyuma yake kama mlivyozoea. Ukirudi nyuma milimita chache, noti inashuka na kila mtu anasikia. Nyuzi zenye uso wa kukwaruza zinakula mti wa shingo (Jaco aliupaka epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu); zile bapa haziuli sana, ila "mwaaa" inapungua.

Haya, nyie mnaongeza wimbo gani?