Siku moja ndani ya mtaro wa msingi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaamka. Chai, chapati, baiskeli, na saa moja kasoro niko saiti, nje kidogo ya Shinyanga mjini. Vijana wanne wameshafika. Tunagawana sururu na machepe, tunashuka mtaroni.

Huku kwetu ardhi ni mbuga, ule udongo mweusi unaostawisha pamba na mpunga. Kiangazi unapasuka: leo nimechomeka kipande cha nondo ya milimita 12 kwenye ufa mmoja, kikazama chote. Masika unakunywa maji, unavimba, ufa unafumba na nyumba iliyo juu inanyanyuliwa. Tena hainyanyuki sawasawa, kona moja hutangulia. Ndiyo maana sisi tunachimba mpaka mbuga iishe.

Saa nne, tukiwa futi nne na chini bado weusi, akaja mwenye nyumba. "Fundi, mnachimba kisima?" Mdogo wake kajenga Dar kwenye mchanga, futi mbili na nusu tu, na nyumba imesimama. Nikamwambia, "Mwalimu, mchanga hauvimbi." Akatazama lundo la udongo pembeni. "Basi huu tutaurudisha ndani ya msingi, tusinunue kifusi."

Hapo ndipo asubuhi yangu ilipoishia. Moramu, kile kifusi cha changarawe kisichovimba, ni ghali, naelewa, na hela yenyewe ni kiinua mgongo chake. Lakini ukijaza mbuga chini ya sakafu, masika sakafu inatunga tumbo. Nikaeleza akiwa amesimama, nikaeleza akiwa amekaa juu ya ndoo, akampigia mdogo wake, nikaeleza tena kwenye simu. Mwisho nikamwomba twende kwa jirani. Pale ufa unaanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Sarafu ya mia mbili inaingia na kucheza humo. Mama wa pale akatuambia mlango wake masika haufungi, kiangazi unaacha upenyo. Mwalimu akapitisha kidole ufani polepole. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu.

Wali maharage tukaula umepoa.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Chini kuna unyevu, udongo unang'ang'ania chepe, kila ukitupa lazima ulikwangue. Buti zinakuwa nzito kama umefungiwa tofali. Mgongo unawaka. Kwenye futi ya sita sururu ikalia, kwa! Changarawe. Nikapiga magoti nikaichota mkononi. Ule mlio naupenda, miaka yote hii.

Jioni mawingu yakakusanyika, tukafunika mtaro kwa turubai na kuweka tuta pembeni, maana maji yakilala humo kitako cha mtaro kinalainika. Mwalimu akarudi na hela ya moramu, lori mbili. Zinahitajika tano. Kesho tunaanza na hizo mbili, tunashindilia inchi sita sita, kwa maji.