Siku moja maishani mwangu: kuhesabu mbu Bonde la Kilombero

Saa 11 alfajiri. Pikipiki inagoma, naisukuma mpaka iwake. Jana jioni nilitundika mitego ya taa katika nyumba nane.

Saa 12. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, leo umevuna?" Mtego unaning'inia upande wa miguuni mwa kitanda, kama mita moja na nusu kutoka chini. Aliyelala ndani ya chandarua ndiye chambo. Nafunga kwanza mdomo wa mfuko kwa kamba, ndipo nachomoa betri. Ukianza na betri, feni inayowavuta mfukoni inasimama na mbu wanakuaga.

Nyumba ya tano, mfuko mtupu. Kijana alichomoa waya usiku achaji simu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi: wanaandika sifuri. Mimi naandika "mtego umefeli", usiku huo hauingii kwenye hesabu. Nyumba ya saba feni imevuma hadi asubuhi, Anofelesi, yaani mbu wa malaria, hakuna hata mmoja. Hiyo sasa ndiyo sifuri.

Saa 3. Wametoka kwenye friza, wamekufa. Nawamwaga kwenye karatasi nyeupe, naanza na kibano. Kuleksi, mbu wa jamii nyingine, kibao, nawatenga. Jike la Anofelesi lina vipapasio virefu sawa na mrija wake wa kunyonyea. Miguu yenye madoadoa meupe ni kundi la gambiae. Mdogo, mweusi, miguu isiyo na madoa, huyo funestus, Anofelesi wa aina nyingine. Ndani ya kundi la gambiae hadubini haikusaidii: spishi zake mbili, arabiensis na gambiae wenyewe, ni kama pacha, mpaka mguu upimwe DNA maabara.

Saa 7. Wali, dagaa.

Saa 8. Anofelesi kwa kila mtego: 0, 3, 4, 5, 7, 9, na 143 kutoka nyumba iliyopakana na mashamba ya mpunga. Wastani ni 24 na ushee. Namba ya katikati ni 5. Ningeingiza ile sifuri ya uongo, wastani ungeshuka hadi 21. Bosi anauliza kijiji kina mbu wangapi. Sijui, bosi! Ninachojua ni mbu kwa mtego kwa usiku. Halafu wingi peke yake si kipimo cha hatari: huku kwetu funestus mara nyingi ni wachache, lakini ndio wanaoeneza sehemu kubwa ya malaria.

Saa 11 jioni. Narudi nyumba ya tano na betri mbili. Moja ya mtego, moja ya simu ya yule kijana.